Tiba ya macho kwa mazoezi: unamkabidhi nani macho ya mwanao?

Mtoto anasoma huku kiganja kimefunika jicho moja. Ukimtoa mkono anasoma mistari miwili mitatu, kisha mkono unarudi wenyewe. Anaruka mstari, anarudi nyuma, anasugua macho, anasema kichwa kinauma, na kazi ya dakika ishirini inakula jioni nzima. Mzazi anampeleka kupimwa. Mtoto anasimamishwa mbali na ubao wa herufi, anazisoma zote hadi zile ndogo za chini, na jibu linatoka kwamba macho yake ni mazima. Wanarudi nyumbani, na kiganja nacho kinarudi juu ya jicho.

Hapo ndipo wazazi wengi husikia kwa mara ya kwanza kuhusu tiba ya macho kwa mazoezi. Mzazi mwenzao anawaambia ilimwokoa mwanawe. Daktari mmoja anawaambia ni kupoteza fedha. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, maana jina hilo moja limefunika mambo mengi: mengine yamepimwa na kuthibitika, mengine yamepimwa yakaonekana hayana msaada, na mengine hayajawahi kupimwa vizuri. Naona watu wanahangaika na swali la "mtaalamu gani ni mzuri" kabla hawajapata jibu la "tatizo lenyewe ni lipi". Swali la pili likipata jibu, la kwanza nalo linapungua uzito.

Kusoma ubao na kusoma kitabu

Ubao wa herufi unapima jambo moja: kila jicho, likiwa peke yake, linatofautisha alama ndogo kiasi gani kwa mbali. Kusoma kitabu kunadai zaidi ya hapo. Kila jicho linageuzwa na misuli sita. Ukiinamia ukurasa, misuli hiyo inayageuza macho yote mawili kuelekea puani kwa pamoja, lenzi ndani ya kila jicho inabadili umbo ili maandishi ya karibu yawe wazi, na ubongo unaunganisha picha mbili ziwe moja. Macho yakishindwa kukutana pale kwenye ukurasa, herufi zinagawanyika, zinacheza, au ubongo unaamua kuitupa picha ya jicho moja. Yule mtoto wa kiganja amegundua mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, kwamba ukitazama kwa jicho moja huwezi kuona vitu viwili.

Hali hiyo ni upungufu wa kukutanisha macho kwa karibu. Ina majirani zake: lenzi kuwa nzito kulenga karibu au kubadilisha kutoka karibu kwenda mbali, makengeza, yaani jicho kuelekea kwingine, na jicho vivu, ambalo halioni vizuri hata kwa miwani kwa sababu ubongo haukujifunza kulitumia utotoni. Ni matatizo tofauti na tiba zake ni tofauti. Mtu anayeyatibu yote kwa mpango uleule wa mazoezi amekwisha kukuonyesha kwamba hakupima.

Upimaji wenyewe hauna siri, na ningependa kila mzazi akae palepale autazame. Mpimaji anashika kitu kidogo, labda kijiti chenye herufi moja, anakisogeza taratibu kuelekea katikati ya nyusi. Mtoto anatakiwa kusema pale herufi inapokuwa mbili. Mpimaji naye hasubiri kuambiwa, anayatazama macho: yanakuja ndani pamoja, yanakuja, halafu ghafla moja linaachia na kukimbilia nje. Anaweka rula na kusoma umbali. Macho yanayofanya kazi vizuri hukutana hadi karibu kabisa na pua. Yakiachia kwenye sentimita 6 au mbali zaidi ya hapo, hiyo ni dalili moja.

Ni moja tu, haitoshi. Kwa vipande vya prizimu, yaani vioo vinavyopinda mwanga, anapima macho yanavutwa nje kiasi gani mtoto akitazama karibu, akilinganisha na anapotazama mbali, na yana nguvu kiasi gani ya kujirudisha ndani. Kuna pia dodoso la maswali 15 kuhusu dalili wakati wa kusoma, kila swali likiwa na alama 0 hadi 4. Kwa watoto wa miaka 9 hadi 17, jumla ya 16 na kuendelea huhesabiwa kuwa na dalili. Kwa watu wazima mpaka ni 21. Ziandike namba hizo, au omba nakala. Baadaye ndizo zitakazokuambia kama fedha yako na jioni za mtoto vimeleta kitu.

Kwa nini wataalamu wenyewe hawakubaliani

Mzazi akikuta daktari bingwa wa macho na optometristi, yaani mtaalamu wa kupima macho na miwani, wanapingana mbele yake, hudhani mmoja ni tapeli. Mara nyingi anachokikuta ni mikondo miwili iliyoanza mbali.

Wa kwanza ni orthoptiki. Louis Émile Javal, daktari wa macho wa Ufaransa katika karne ya 19, alitumia stereoskopu, kifaa kinachoonyesha kila jicho picha yake, kuwafundisha wenye makengeza kuyatumia macho yao kwa pamoja. Katika miaka ya 1920, Mary Maddox aliifanya kazi hiyo London, na ndiye anayehesabiwa kuwa orthoptisti wa kwanza. Mkondo huu ulikaa hospitalini, bega kwa bega na madaktari wapasuaji, na malengo yake ni finyu: macho yakutane, picha mbili ziwe moja, jicho vivu liamke. Wa pili ulianzia Marekani kwa wataalamu wa optometria. Mmoja wa waasisi wake alikuwa A. M. Skeffington, ambaye mwaka 1928 alishiriki kuanzisha programu ya kuwaelimisha wenzake. Yeye na waliomfuata waliona kuona kuwa ni ujuzi unaofundishika na unaogusa kujifunza, mkao wa mwili na tabia. Humo mlitoka mambo mazuri, zikatoka pia ahadi kubwa kuliko ushahidi.

Kwa hiyo unapotafuta mtoa huduma utakutana na watu wa aina kadhaa. Daktari bingwa wa macho amesomea udaktari, anatibu magonjwa na kupasua. Optometristi amesomea kupima macho, miwani na utendaji wa macho, na baadhi yao wamejiendeleza katika tiba ya mazoezi. Orthoptisti amesomea hasa mwendo wa macho na ushirikiano wake. Uingereza, kwa mfano, jina hilo linalindwa kisheria na huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa. Kisha kuna wasaidizi wanaoendesha vipindi chini ya usimamizi, jambo ambalo si baya iwapo msimamizi yupo kweli na anapima mwenyewe kila baada ya muda. Na kuna watu wanaojiita wataalamu wa tiba ya macho ambao hawako kwenye daftari lolote la usajili. Muulize mtu jina la leseni yake na chombo kilichoitoa, halafu hakikisha kwenye chombo hicho. Mwenye leseni hachukii swali hilo.

Utafiti umesema nini hasa

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye upungufu wa kukutanisha macho. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliojulikana kwa kifupi CITT. Watoto 221 wa miaka 9 hadi 17 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne kwa wiki 12. Kundi moja lilikwenda kliniki mara moja kwa wiki kwa saa moja na kufanya mazoezi mafupi nyumbani. La pili lilifanya nyumbani lile zoezi maarufu la kusogeza penseli kuelekea puani. La tatu lilitumia programu ya kompyuta nyumbani pamoja na penseli. La nne lilikwenda kliniki vilevile, likafanya mazoezi yaliyofanana na tiba lakini yasiyotibu, ili kuwe na cha kulinganishia. Mwisho wake, waliopona au kupata nafuu ya maana walikuwa asilimia 73 katika kundi la kwanza, 43 kwa penseli, 33 kwa kompyuta, na 35 kwa mazoezi yasiyotibu.

Itazame ile 35 kwa makini. Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu alipata nafuu kwa kuhudhuria tu, kushughulikiwa na mtu mpole kila wiki, na kusubiri. Ndiyo maana ushuhuda wa mzazi mmoja aliyefurahi, hata akiwa mkweli kabisa, haukuambii tiba ilifanya nini. Tazama pia pengo kati ya 73 na 43. Kwa tatizo hili, mtu aliyesomea anayembadilishia mtoto mazoezi wiki kwa wiki alikuwa na faida kubwa kuliko penseli ya nyumbani.

Kisha likaja swali ambalo kila mzazi analo moyoni: je, macho yakishakutana, mtoto atasoma vizuri zaidi? Watafiti walewale walilichukua kwa uzito. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, watoto zaidi ya 300 wa miaka 9 hadi 14 walifuatwa kwa wiki 16. Vipimo vya macho viliboreka zaidi kwa waliopata tiba halisi. Alama za uelewa wa kusoma zilipanda kwa makundi yote mawili bila tofauti ya maana, na safari hii hata dodoso la dalili halikuyatofautisha makundi hayo.

Hapa nataka kusema wazi, kwa sababu hapa ndipo familia zinapoumia. Disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, si ugonjwa wa macho. Shina lake liko kwenye namna ubongo unavyoshughulika na sauti za lugha na kuziunganisha na herufi, na tiba yake ni ufundishaji wa kusoma wenye mpangilio, hatua kwa hatua. Mwaka 2009, vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba mazoezi ya macho, na vilevile lenzi za rangi, havina ushahidi wa kutibu matatizo ya kujifunza. Mtoto anaweza kuwa na disleksia na macho yasiyokutana kwa wakati mmoja. Basi yatibiwe yote mawili, kila moja kwa dawa yake. Lakini anayekuambia mazoezi yake yatamaliza disleksia anakuchukulia mtoto miezi ambayo angekuwa anafundishwa kusoma, na kwa mtoto wa miaka saba miezi hiyo ina thamani kubwa mno.

Jicho vivu lina njia yake. Huanza na miwani sahihi, ambayo peke yake huwainua watoto wengi, kisha kuziba lile jicho linaloona vizuri kwa kibandiko au kulitia ukungu kwa matone ya atropini. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba kwa watoto wadogo wenye jicho vivu la wastani, kuziba saa 2 kwa siku kulileta matokeo sawa na saa 6, habari njema kwa kila mzazi aliyewahi kupigania kibandiko na mtoto wa miaka minne. Zipo pia tiba za kidijitali zinazoonyesha kila jicho picha tofauti. Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliidhinisha mojawapo, Luminopia, kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Hiyo hutolewa kwa maagizo ya daktari. Usiichanganye na michezo ya simu inayojitangaza kuwa "inafundisha macho".

Kuhusu kutoona mbali, ambako kwa kawaida jicho limerefuka, nitasema kwa ufupi: mazoezi hayarudishi jicho lililorefuka. Anayekuahidi mtoto atavua miwani kwa kuzungusha macho, muage.

Watu wazima nao wamo. Baada ya kupigwa au kugongwa kichwani, macho ya wengi hushindwa kukutana vizuri kwa muda. Susan Barry, mwanasayansi wa mfumo wa neva wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, alianza kuona kina cha vitu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 48, baada ya mazoezi. Ni kisa cha kweli, nacho kilisaidia kutikisa imani kwamba baada ya utoto mlango umefungwa kabisa. Bado ni kisa cha mtu mmoja, na anayekutajia kisa hicho badala ya vipimo vyako hajakujibu.

Kabla ya mazoezi yoyote

Pawepo kwanza uchunguzi kamili wa macho, ukiwemo ule wa matone yanayopanua mboni na kulegeza lenzi. Mtoto mwenye nguvu kubwa ya kutoona karibu anaweza kuificha kwa kukaza macho, na miwani ikamaliza kile ambacho wengine wangekitibu kwa mazoezi ya miezi sita. Uchunguzi huo pia unatazama nyuma ya jicho, ambako magonjwa makubwa hujificha. Makengeza yaliyojitokeza ghafla, kuona vitu viwili kulikoanza ghafla, au mboni inayong'aa nyeupe kwenye picha si mambo ya kutafutia kliniki ya mazoezi. Ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mboni nyeupe inaweza kuwa dalili ya saratani ya retina kwa mtoto mdogo.

Ukiwa mbele ya mtoa huduma

Sikiliza anaanza na nini. Mzuri huanza na maswali: shida hutokea saa ngapi, kwa umbali gani, je huisha akifunika jicho moja. Kisha anapima, na akimaliza anaweza kukupa jina la tatizo pamoja na namba zake. Muulize: "Tunataka namba ipi ibadilike, ifike wapi, na tutaipima tena lini?" Kwa upungufu wa kukutanisha macho, wiki 12 hadi 16 ndiyo mizani ya tafiti. Anayeomba mwaka mzima tangu siku ya kwanza anapaswa kukueleza kwa nini. Muulize pia nini kitatokea ikiwa baada ya wiki nane namba hazijasogea. Jibu ninalolipenda mimi ni la mtu anayesema atarudia kupima, ataangalia kama mazoezi ya nyumbani yanafanyika, na yakiwa yanafanyika atasimamisha na kukuelekeza kwa mwingine. Hapo mtu ameshafikiria kwamba anaweza kukosea.

Malipo yana ujumbe wake. Kifurushi kinacholipwa chote mbele, bila kurudishiwa ukikatisha, kinamfunga mzazi kuendelea hata akiona hakuna kinachobadilika. Lipa kwa kipindi, au kwa awamu fupi inayoishia kwenye upimaji. Jihadhari na kliniki ambako kila mtoto anayeingia, hata aliyesindikiza ndugu yake, anatoka na tatizo. Jihadhari zaidi na anayekukataza kumwona daktari mwingine, au anayekuambia uache miwani au kibandiko kilichoagizwa na daktari wako.

Omba kuketi katika kipindi kimoja. Huenda utakuta uzi wa Brock, uliopewa jina la optometristi Frederick Brock: uzi mrefu wenye shanga tatu za rangi tofauti, ncha moja imefungwa kwenye kitasa cha mlango, nyingine mtoto ameishika kwenye ncha ya pua. Akitazama shanga ya kati kwa macho yote mawili, shanga hiyo ni moja, lakini uzi unaonekana kama nyuzi mbili zinazokatana palepale kwenye shanga, na shanga nyingine mbili kila moja inaonekana mbili. Nyuzi zikikatana nyuma ya shanga, macho yanatazama mbali kuliko inavyotakiwa. Uzi mmoja ukipotea, ubongo umezima jicho moja. Hapa ndipo utamjua mtaalamu. Anamuuliza mtoto, "Unaona nyuzi ngapi? Zinakutana wapi?" na jibu linaamua hatua inayofuata: kusogeza shanga, kumpa lenzi, au kumpumzisha. Mwingine anampa uzi, anaweka saa ya dakika tano, na kuondoka. Kifaa ni kilekile, bei huenda ni ileile, lakini tiba iko kwa yule wa kwanza tu.

Uliza kazi ya nyumbani ni ipi. Katika utafiti wa 2008 waliohudhuria kliniki walikuwa pia na dakika 15 za nyumbani, siku tano kwa wiki. Familia isiyoweza kupata dakika hizo iseme mapema, na mtoa huduma mwenye busara atapanga upya badala ya kumlaumu mtoto baadaye. Kama kliniki iko mbali, vipindi vingine vya mtandaoni vinaweza kusaidia kusimamia mazoezi, ila upimaji wa mwanzo na wa mwisho unahitaji mtu aliyekaa mbele ya macho yenyewe.

Na namna ya kumaliza iwepo tangu mwanzo. Katika ufuatiliaji wa mwaka mmoja baada ya ule utafiti wa 2008, wengi wa waliopona kwa tiba ya kliniki walikuwa bado wazima, kwa hiyo hakuna sababu ya vipindi visivyo na mwisho. Mazoezi yapunguzwe taratibu, mtoto aitwe tena baada ya miezi kadhaa kupimwa, na kama macho yameanza kuachia mapema, apewe mazoezi ya nyumbani ya kukumbushia. Siku ya kuagana, omba namba za siku ya kwanza na za siku ya mwisho ziandikwe kwenye karatasi moja, uondoke nayo. Atakayempima mwanao miaka mitano baadaye, hata akiwa mtu mwingine kabisa, ataanzia hapo.